Datsun 240Z "full original": namba kulingana maana yake nini, na kwa nini haitoshi

Tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, magari ya zamani yamerudi midomoni mwa watu kwa kasi. Picha ya Datsun 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi ikipita tu kwenye simu, ubishi unaanza. Mmoja anasema hii orijino kabisa, mwingine anauliza kama namba zinalingana, wa tatu anasema hiyo replika kwa hiyo feki, na muuzaji mwenyewe kaandika "full original, imerestoiwa yote, rangi mpya". Watu wanabishana siku nzima kumbe kila mtu anaongelea kitu chake. Nimeona niliandike hili kwa urefu nikitumia hiyo hiyo 240Z, gari ya spoti ya Kijapani ambayo Nissan waliiuza kwa jina la Datsun, kwa sababu ni gari ambayo Afrika Mashariki ina haki nayo kuliko sehemu nyingi duniani: Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo mwaka 1971, enzi zile bado ikiitwa East African Safari, Shekhar Mehta na Mike Doughty wakashika nafasi ya pili na 240Z nyingine, halafu mwaka 1973 Mehta akarudi na Lofty Drews wakashinda wao, tena kwa taabu maana walimaliza pointi sawa sawa na Harry Källström aliyekuwa na Datsun 180B, ikabidi kanuni ya kuvunja sare iamue.

Kwanza tuwekane sawa kwenye maneno, maana hapa ndo ubishi mwingi unapozaliwa. Kipande orijino ni kile kilichofungwa na kiwanda kwenye gari hii hii, wakati inatengenezwa, na hakijawahi kubadilishwa. Basi, hakuna maana nyingine. Spea genuine ni ile iliyotengenezwa na kampuni yenyewe, inaweza kuwa nzuri na sahihi kabisa, lakini haikuzaliwa na gari yako. Kuna spea ya stoo, yaani genuine ya zama zile zile iliyokaa kwenye rafu karibu miaka 50 bila kufungwa popote, bado iko kwenye boksi lake. Kuna repro, ambayo imetengenezwa leo kwa kufuata umbo la zamani, na hizi ubora wake unatofautiana mno, nyingine huwezi kuitofautisha na ya kiwandani na nyingine hata matundu ya bolti hayakai. Halafu kuna kipande sahihi kilichotolewa kwenye gari nyingine ya aina ile ile na ya kipindi kile kile, kwa macho hakina kosa lolote, ila kina historia ya gari nyingine.

Gari nzima nayo ina majina yake. Iliyohifadhiwa ni ile ambayo haijaguswa zaidi ya matunzo ya kawaida. Iliyorestoiwa imefumuliwa, ikatengenezwa, ikarudishwa ilivyokuwa au karibu na hapo. Replika ni gari iliyojengwa au kupakwa ifanane na gari fulani maarufu, na mwenye nayo anasema hivyo wazi. Kwa hiyo ukikuta mtu ana 240Z ya kawaida kaipaka nyekundu, boneti nyeusi, namba 11 mlangoni kama ile ya Herrmann, usimwite tapeli, ile ni heshima tu kwa gari anayoipenda. Inakuwa feki siku atakapokwambia ndo yenyewe. Tofauti ya replika na feki haipo kwenye bati, ipo mdomoni mwa muuzaji.

Sasa namba. Watu wengi wakisikia "namba zinalingana" wanadhani namba ya injini na namba ya chesisi ni tarakimu zile zile, wanafungua boneti, wanakuta hazifanani, wanaondoka wakijua wameponea chupuchupu kuibiwa. Kwenye 240Z zile namba mbili hazikutengenezwa zifanane. Chesisi ya gari iliyoenda Marekani inaanza na HLS30, ya usukani wa kulia iliyouzwa nje ya Japan inaanza na HS30, na ile iliyobaki nyumbani Japan ikiitwa Fairlady Z yenye injini ya lita 2 inaanza na S30. Injini yenyewe imegongwa L24 halafu mfululizo wa tarakimu zake, upande wa plagi, kwa nyuma, chini kidogo ya silinda hedi, yaani kichwa cha injini, na mara nyingi utahitaji tochi na brashi ya waya laini uondoe grisi ndo uione. Hizo mbili zinakutanishwa na kibati kidogo kilichomo ndani ya chumba cha injini ambacho kiwanda kiliandika namba ya gari na namba ya injini pamoja. Kwa hiyo kulingana maana yake ni hivi: namba iliyogongwa kwenye bloku, yaani mwili wenyewe wa injini, ndo ile iliyoandikwa kwenye kibati, na namba ya gari kwenye kibati ndo ile iliyogongwa kwenye ukuta unaotenganisha injini na kabini. Kwa zile za Marekani unaongezea na ile iliyopo juu ya dashibodi inayosomeka kupitia kioo cha mbele. Zikikubaliana zote, umepata jibu la swali moja tu, kwamba bloku hii ndo iliyotoka na bodi hii.

Kila kampuni ilikuwa na utaratibu wake, ndo maana ushauri wa jamaa mwenye Corvette, gari ya spoti ya Kimarekani, hautakusaidia kwenye Datsun. Kwenye Corvette kuanzia mwaka 1960 tarakimu za mwisho za namba ya gari ziligongwa kwenye injini yenyewe, kwa hiyo kule kweli unatafuta tarakimu zinazofanana. Jaguar E-Type yeye ana kibati chenye chesisi, injini, bodi na giaboksi, kila kimoja na namba yake, na bado unaweza kuomba cheti kutoka kwenye kumbukumbu za Jaguar wakakwambia gari ilitoka na namba zipi. Kabla hujalinganisha chochote, jua kwanza gari hiyo ilikuwa na utaratibu gani.

Na hapa kuna kitu ambacho nakiona kinawachanganya hata mafundi wazuri. Namba zote unazoziona kwenye gari si za aina moja. Kuna namba ya kipande, ambayo ni ya hicho kimoja tu duniani, kama hiyo iliyogongwa kwenye bloku. Kuna namba ya aina, ambayo imo kwenye kila kipande cha muundo huo, na kuna alama ya tarehe, inayosema kipande kilitengenezwa lini. Mtu anafuta vumbi kwenye silinda hedi ya 240Z anakuta E31, anashangilia kwamba kapata namba inayolingana. Hapana, E31 ni namba ya aina, magari ya mwanzo yote yalikuja na hedi hiyo, baadaye ikaja E88. E31 inatafutwa sana na watu wa mbio kwa sababu chumba chake cha kuchomea mafuta ni kidogo, mgandamizo unakuwa mkubwa, kwa hiyo ilihamishwa sana kutoka gari moja kwenda nyingine. Ukikuta E31 kwenye gari ya 1973 umejua kuna mtu alipita hapo. Ukiikuta kwenye gari ya 1970 umejua tu kwamba aina ni sahihi, hujajua kama ni hedi ile ile.

Alama za tarehe ndo mimi nazipenda kuliko zote, kwa sababu hazina mtu anayezikumbuka wakati wa kudanganya. Tuseme mlango wa dereva wa gari ya Marekani una kibati kinachosema imetengenezwa Oktoba 1970. Mikanda ya viti ina lebo yenye tarehe. Ringi za chuma zina tarehe imegongwa kwa ndani. Vipande hivi vikiwa vya miezi michache kabla ya gari kuunganishwa, picha inakaa vizuri, maana kiwanda hununua vitu kwanza ndo kinavifunga. Ukikuta mkanda wa 1972 kwenye gari ya 1970 hakuna ubishi, kimebadilishwa, hata kama ni genuine na rangi ni ile ile. Kipande hakiwezi kuwa kidogo kwa umri kuliko gari kilichozaliwa nayo.

Ndo maana pia usiangalie mwaka ulioandikwa kwenye karatasi peke yake. Magari ya Marekani yalikuwa yanapewa mwaka kwa kufuata msimu wa mauzo, gari iliyotengenezwa mwishoni mwa 1970 inaweza kuandikwa 1971. Na huo mwaka 1971 ndo wenye mtego, kwa sababu mwanzoni mwake kiwanda kilibadilisha vitu kadhaa. Zile za mwanzo, watu wanaziita Series I, zina matundu mawili ya hewa kwenye mfuniko wa nyuma chini ya kioo na maandishi 240Z kwenye nguzo ya pembeni nyuma ya dirisha. Zilizofuata mfuniko hauna matundu, na pale kwenye nguzo pana duara lenye herufi Z. Zote mbili zinaweza kuwa za 1971 na zote mbili zikawa sahihi. Sasa fikiria Series I iliyogongwa nyuma miaka ya 80, fundi akafunga mfuniko wa 1972. Umetoka kwa Nissan, bati la Nissan, umekaa vizuri, genuine kabisa, na bado si sahihi kwa gari ile. Hapo ndo unaona genuine na sahihi vinavyoachana njia.

Turudi kwenye udanganyifu maana upo, na upo kwa sababu ya pesa. Gari hii mwaka 1970 Marekani ilikuwa inauzwa kama dola 3,500 hivi. Januari 2020 Series I moja ya 1971, ya kijani, iliyotembea maili chache na haijachezewa, iliuzwa kwenye mnada wa mtandaoni kwa dola 310,000. Bei ya namna hiyo si ya 240Z zote, usije ukaipandishia bei gari ya mjomba iliyolala uani, lakini inatosha kumfanya mtu achukue nyundo na herufi za chuma akagonge namba upya. Vibati vipya vya chumba cha injini vinauzwa, vitupu, unaandika unachotaka. Kwa mtu ambaye kibati chake kimeliwa na kutu ni msaada wa kweli, kwa mwingine ni mlango wa kuingilia. Kwa hiyo kibati kinachong'aa kwenye chumba cha injini chenye miaka 50 kinahitaji maelezo, angalia riveti zake kama zimewahi kutolewa, angalia rangi iliyopo nyuma yake.

Kwenye bloku unaangalia uso wenyewe uliogongwa namba. Watu wa Corvette wamefika mbali sana kwenye hili, kwa sababu ule uso bapa ulichongwa kiwandani na mashine iliyoacha mistari myembamba inayoelekea upande mmoja, na namba iligongwa juu ya mistari hiyo. Aliyefuta namba ya zamani kwa msasa amefuta na mistari, akigonga mpya inakaa juu ya uso laini au uliokwaruzwa kwa mduara. Ila pia muwe waadilifu kwa wenye magari, maana kwenye injini hiyo uso wa namba uko usawa mmoja na uso unaokaa silinda hedi, fundi akichonga bloku kwenye ovaholi ya halali kabisa namba inaondoka nayo. Namba iliyopotea haijathibitisha wizi.

Vipi kuhusu kadi ya gari? Kadi ya TRA kwa Tanzania au logbook kwa Kenya ina namba ya chesisi na namba ya injini, na ni lazima uziangalie kwa ajili ya sheria na usalama wako. Lakini kumbuka zinaonyesha kilichosajiliwa huku, haziongelei kilichotokea kiwandani. Gari inaweza kuwa ilibadilishwa injini kabla haijaingia nchini na kadi ikaandika ile iliyokutwa. Na injini ya L28 ya 280Z, ndugu wa baadaye wa 240Z, cc 2,753, inaingia pale pale ilipokuwa L24 ya cc 2,393 na kwa asiyezoea zinafanana kwa nje, kwa hiyo mtu anaweza kuwa na karatasi safi, gari inayokimbia vizuri, na injini ambayo si yake.

Kuna imani nyingine kwamba gari ikishakuwa na namba zinazolingana basi ni gari nzuri. Hapana jamani. Namba hazijui kutu. 240Z inaoza sakafu, inaoza chini ya betri pale tindikali inapodondokea, inaoza nyuma ya milango karibu na tairi za nyuma, na gari iliyokaa Mombasa au Tanga miaka mingi imekula upepo wa chumvi. Tembea na sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa, ipitishe taratibu kwenye sehemu hizo, ikikataa kushika ujue chini hakuna bati, kuna puti ya kuzibia. Gari yenye injini isiyo yake lakini bodi kavu isiyowahi kukatwa mimi naichukua kabla ya ile yenye namba zote na sakafu ya puti. Wengine hawatakubaliana na mimi, sawa, lakini injini ya L24 inatafutika, bodi iliyokamilika haitafutiki.

Tuje kwenye rangi, hapa ndo nauma meno kabisa. Watu wetu tunapenda king'ae. Gari inaingia gereji na rangi yake ya kiwandani iliyofifia, ina mikwaruzo miwili, inatoka ikiwa kama kioo na mwenye gari anasema imerudi kama mpya. Haijarudi kama mpya, imepita mpya. Rangi ya kiwandani miaka ile haikuwa laini namna hiyo, ilikuwa na vijiwimbi vidogo ukiitazama kwa pembeni, nafasi kati ya mlango na bodi hazikuwa sawa milimita kwa milimita, na sehemu zisizoonekana zilipuliziwa haraka haraka. Ni sawa na mtu mwenye mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe uliotimiza miaka mia, anaukwangua kwa mashine mpaka mti uwe mweupe halafu anaupaka vanishi: alichokwangua ndo kilichokuwa kinasema mlango una umri gani, na hakuna duka la kukinunua. NCRS, chama cha warestoaji wa Corvette Marekani kilichoanzishwa 1974, kwenye hukumu zao wanaitazama gari kwa kulinganisha na ilivyoonekana ilipotoka kiwandani na kuandaliwa na muuzaji. Ukiipita hapo kwa uzuri, nako ni kukosea.

Na vitu vidogo vinasema kuliko rangi. Chukua bolti moja tu. Kwenye gari za Kijapani za miaka ile bolti yenye uzi wa milimita 8 ina kichwa cha spana namba 12, ya milimita 10 inachukua spana 14. Za Kijerumani uzi wa 8 unachukua 13, uzi wa 10 unachukua 17. Kila fundi wa Gerezani kule Dar au Grogan kule Nairobi anajua hili kwa mkono hata kama hajawahi kulisema, ndo maana akifungua Toyota hashiki 13. Kwa hiyo unafungua boneti ya 240Z, unakuta bolti moja kwenye mabano ya alternata inataka 13, hiyo ni mgeni, mtu aliipoteza ya kwake akaweka iliyokuwa mezani. Geuza uangalie na rangi yake: nyingi za kiwandani zilichovywa zinki yenye wekundu wa dhahabu unaocheza kijani na zambarau ukiigeuza kwenye jua. Ukikuta bolti zote za chumba cha injini zimepakwa rangi nyeusi kwa kopo, au zimewekwa za stenlesi zinazometa, gari imerestoiwa na mtu aliyetaka ipendeze. Si kosa la jinai. Lakini asiandike orijino.

Halafu linakuja swali ambalo kwa mawazo yangu ndo zito kuliko yote: orijino ya lini? Chukua ile iliyoshinda 1971. Iliandaliwa na kiwanda kwa ajili ya mbio, haikuwa kama ya dukani hata siku inaanza safari, ikapigwa na mawe na matope ya huku kwetu, halafu baada ya miaka mingi, mwaka 2013, wafanyakazi wa Nissan wanaojitolea wakaifufua, na ni sehemu ya mkusanyiko wa magari ya kihistoria ya kampuni kule Zama, Japan. Ukisema uirudishe kama ilivyokuwa siku bodi inatoka kwenye mstari wa kuunganishia, unafuta kila kilichoifanya ijulikane. Kwake taa za ziada na vyuma vya kukinga ndo orijino. FIVA, shirikisho la dunia la magari ya kihistoria, linalitambua hili, kwenye uainishaji wao gari iliyobadilishwa enzi zake ina kundi lake tofauti na iliyobadilishwa baadaye, na hali ya uhifadhi inapangwa kwa ngazi: ambayo ni halisi kabisa, orijino, iliyorestoiwa, na iliyojengwa upya. Yaani jibu si ndiyo au hapana.

Mahakama nayo ilishawahi kuvutwa kwenye hili. London mwaka 1990 kulikuwa na kesi ya Bentley Speed Six inayoitwa Old Number One, gari iliyoshinda mbio za saa 24 za Le Mans 1929 na 1930. Mwenye nayo alikubaliana na kampuni moja kuiuza kwa takriban pauni milioni 10, wanunuzi wakajitoa wakisema vipande vingi vya gari iliyoshinda havipo tena, kwa hiyo si yenyewe. Jaji Otton akachambua kipande kwa kipande, akakubali kwamba kweli kilichobaki kutoka gari ya 1929 ni kidogo sana na haiwezi kuitwa orijino, lakini akasema ni Old Number One halali, kwa sababu ilibadilika hatua kwa hatua mikononi mwa watu waliokuwa wanaitumia na kuiboresha, haijawahi kuvunjwa ikapotea halafu akatokea mtu kudai kaijenga upya, na hakuna nyingine inayoweza kusimama kudai jina hilo. Kwa hiyo gari inaweza kuwa yenyewe bila kuwa orijino. Ukielewa sentensi hiyo umeelewa nusu ya ubishi wote wa kwenye simu.

Turudi gereji. Mtu ana 240Z ya Marekani anataka kuirestoa, anakuta giaboksi ya gia 5. Marekani zilipelekwa na gia 4, masoko mengine ndo yalipata 5, kwa hiyo hiyo iliwekwa baadaye. Aitoe? Kama anataka kushindania pointi kwenye maonyesho, ndiyo. Kama anataka kwenda nayo Naivasha na kurudi, gia ya tano inampumzisha injini, na ni kitu kinachofunguliwa kwa bolti, hakuna kilichokatwa. Mimi kipimo changu ni hicho, je mabadiliko haya yanarudishika? Kilichofungwa kwa bolti kinafunguka. Kilichokatwa kwa gesi na kuchomelewa kimekwenda.

Vitu vya usalama tusibishane kabisa. Tairi, mipira ya breki, paipu za mafuta, hivi ni vya kubadilisha na hakuna mtu mwenye akili atakayekulaumu. Sijali kama una tairi ya stoo ya 1971 kwenye karatasi yake, raba ya miaka 50 imekufa hata kama inang'aa, itundike ukutani.

Mtihani mgumu ni pale kitu orijino kilikuwa kibaya toka kiwandani. Magari ya mwaka wa mwisho, 1973, Marekani yalikuja na kabureta za Hitachi zenye mfuniko bapa, zilizobanwa na sheria za moshi, na zilijulikana kwa kusumbua injini ikipata moto. Wenye magari wengi walizing'oa wakafunga zile za duara za miaka iliyotangulia, gari ikapona. Leo 240Z ya 1973 yenye kabureta za 1972 inatembea vizuri kuliko ilivyotoka kiwandani, na zile bapa zimekuwa adimu kwa sababu kila mtu alizitupa, na anayetaka gari yake ihukumiwe kama ya 1973 halisi anahangaika kuzitafuta. Nani yuko sahihi? Wote, ilimradi kila mmoja aandike alichofanya.

Kwa hiyo kama una gari ya zamani na fundi ameshashika spana, msimamishe kidogo. Piga picha kila kitu kabla ya kufungua, kwa karibu, hata clipsi za waya na njia ambayo paipu inapita, hata rangi iliyofifia chini ya zulia maana pale ndo rangi ya kwanza ya gari inakojificha. Andika namba zote na sehemu ulipoziona. Bolti weka kwenye mifuko yenye majina, usiruhusu zimwagwe kwenye ndoo moja na za gari nyingine. Kipande kibovu usimpe muuza vyuma chakavu, hata bati la sakafu lililooza lina kingo na matundu ya kupimia repro yako kama imekaa sawa. Na kama umezing'oa zile kabureta bapa, zisafishe, zipake mafuta, zifunge kwenye boksi, andika juu yake namba ya chesisi ya gari zilikotoka na tarehe uliyozitoa, na siku ukiuza gari boksi liende nayo.